Mpeasi wa nyumbani kwenye nyanda za juu: kuanzia kuchagua mche hadi kuivisha tunda

Mapeasi ya milimani kwetu yana sifa mbaya mjini. Mtu ananunua fungu, anang'ata moja siku hiyohiyo, anakuta limekaza kama kiazi kibichi na lina chembechembe kama mchanga. Kuanzia hapo peasi kwake ni lile la dukani lenye kibandiko kutoka Afrika Kusini. Lakini mara nyingi kasoro haiko kwenye mti. Lile tunda halikukusudiwa kuliwa siku linapochumwa, na kabla ya hapo huenda mti wenyewe ulipandwa bila kuulizwa unataka baridi kiasi gani. Mambo hayo mawili, baridi mwanzoni na kuivisha mwishoni, ndiyo yanayotuharibia mapeasi mengi. Yaliyo katikati ni kazi ya jembe, mkasi na kamba.

Hatua ya 1: Pima baridi ya kwako kabla ya kununua mche

Mpeasi ni mti unaolala. Kwao Ulaya na Asia hupukutisha majani msimu wa baridi, hulala, kisha huamka kwa pamoja na kuchanua. Macho yake, yaani vitumba vya majani na maua vilivyo tawini, huamka vizuri tu yakiwa yamepata baridi ya kutosha. Wakulima huipima kwa kuhesabu saa ambazo hewa iko chini ya nyuzijoto 7 hivi. Aina nyingi mashuhuri za Ulaya, kwa mfano Williams (Marekani huitwa Bartlett), hutaka saa 800 au zaidi.

Ukikosa baridi hiyo mti haufi, ila unavurugika. Tawi linachipua nchani tu, katikati linabaki uchi. Maua yanatoka kidogokidogo kwa miezi miwili au mitatu badala ya kufumuka pamoja. Watu husema mti huo ni dume. Mpeasi hauna dume wala jike, kila ua lina sehemu zote mbili. Mti huo una usingizi tu.

Kwa makadirio ya haraka tumia mwinuko. Kuanzia mita 1,800 hadi 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, aina zisizodai baridi nyingi hukaa vizuri: Njombe na Makete, vijiji vya juu vya Lushoto, Limuru, Kinangop. Kati ya mita 1,400 na 1,800 inawezekana, ila lazima uulaze mti mwenyewe kwa mkono (hatua ya 7). Chini ya hapo panda mwembe au mpera, utapata matunda mengi kwa kazi ndogo. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hazimo kabisa. Hata Oman, pamoja na joto lake lote, mapeasi hupatikana Jabal Akhdar kwenye mita 2,000 hivi. Kinachoamua ni mwinuko.

Ukitaka uhakika zaidi, tundika kipimajoto kinachoonyesha kiwango cha juu na cha chini kivulini, mita 1.5 kutoka ardhini, uandike kila alfajiri kuanzia Juni hadi Agosti. Usiku ulioshuka hadi nyuzi 5 kwa kawaida huwa na saa tatu hadi nne chini ya 7. Ukipata usiku 60 wa namna hiyo una saa 180 hadi 240. Punguza kidogo, maana mchana ukipanda juu ya nyuzi 20 hufuta sehemu ya baridi ya usiku. Hesabu hiyo inatosha kukuonyesha kwamba mche wa Williams ni pesa iliyotupwa.

Hatua ya 2: Chagua aina, na uchague mbili

Kosa la kwanza na la kawaida kuliko yote ni kuotesha mbegu ya peasi la dukani. Mapeasi mengi yanayotoka Afrika Kusini ni Packham's Triumph, Forelle na Williams, na yote ni ya kwenye baridi ya kweli. Tena mbegu ya peasi haizai mfano wa mama yake. Utasubiri miaka saba hadi kumi upate tunda dogo lenye ukakasi, au usipate kabisa. Mbegu ina kazi moja tu, kuotesha shina la chini la kubebeshea, yaani shina lenye mizizi ambalo kijiti cha aina nzuri huunganishwa juu yake.

Aina za kutafuta:

*Kieffer.* Ndiyo ya kuanzia. Ilitokea karibu na Philadelphia, Marekani, katika karne ya 19, kutoka kwenye mbegu ya mpeasi wa Asia uliochavushwa na wa Ulaya. Inaridhika na saa 350 hivi, na inavumilia udongo mzito na mkulima mzembe. Inaweza kuzaa kiasi ikiwa peke yake, ingawa huzaa vizuri zaidi ikiwa na mwenzake. Tunda ni kubwa, lina magamba kidogo, na ni gumu. Wanaolidharau wengi wao hawajawahi kula lililoivishwa sawasawa.

*Flordahome na Hood.* Aina za Florida, zinazotaka baridi ndogo kuliko Kieffer na zenye tunda laini zaidi. Ukizipata kwenye kitalu unachokiamini, panda zote mbili pamoja, kwa sababu huchanua mapema kuliko Kieffer na huenda zisikutane nayo kwenye maua.

*Mapeasi ya Asia.* Ya mviringo kama tofaa, yenye maji mengi, huliwa yakiwa magumu. Aina nyingi bado zinadai baridi, kwa hiyo yaache kwa walio juu ya mita 2,000.

Mwenye kitalu akikuambia ni “peasi ya kienyeji”, omba kuuona mti mama ukiwa na matunda. Jina la kienyeji si tatizo. Mti uliozaa miaka ishirini kwenye kijiji chenye baridi kama ya kwako ni ushahidi bora kuliko lebo yoyote.

Usilete vijiti vya kubebeshea kutoka nje kwenye begi la safari. Marekani, Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kuna bakteria aitwaye *Erwinia amylovora*, anayeunguza mipeasi ikabaki myeusi kama iliyopitiwa na moto. Anasafiri ndani ya kijiti kinachoonekana kizima kabisa.

Hatua ya 3: Kagua mche kitaluni

Nunua mche uliobebeshwa. Tafuta kovu la kuungania: lipo sentimita 10 hadi 20 juu ya udongo, shina limepinda kidogo hapo, na gamba la juu na la chini limeshikana pande zote. Likiwa na ufa, au nailoni ya kufungia bado imezama ndani ya gamba, uache. Unene wa penseli hadi wa kidole unatosha, na urefu wa sentimita 60 hadi 100. Mche mrefu sana kwenye mfuko mdogo si wa kuonea fahari, mizizi yake imeshajizungusha kama kamba.

Uliza shina la chini ni la nini. Likiwa la mbegu ya peasi, mti utakuwa mkubwa, wenye mizizi ya kina, na utaanza kuzaa mwaka wa tatu hadi wa tano. Likiwa la mkwinsi (quince, mti wa jamii moja na mpeasi), mti utabaki mfupi na utazaa mapema, lakini mizizi ni ya juujuu, unataka nguzo maisha yake yote na maji kila kiangazi. Isitoshe, aina nyingine hazishikani na mkwinsi na huvunjika kwenye kovu miaka baadaye, Williams ikiwemo. Kwa bustani ya nyumbani isiyo na bomba, chukua shina la mpeasi.

Hatua ya 4: Mahali na shimo

Jua la asubuhi lina maana kuliko la jioni. Linakausha umande kwenye majani, na ukungu wa magonjwa hupenda jani lililolowa. Kwenye mteremko usipande bondeni kabisa, hewa baridi hutiririka na kutuama huko, na sakitu ya Julai au Agosti inaweza kuua maua yaliyotangulia. Panda katikati ya mteremko.

Angalia pia eneo hilo lilikatwa miti gani. Pale palipokuwa na msitu au mti mkubwa na kisiki kimebaki ardhini, kuvu ya *Armillaria* hukaa kwenye mizizi iliyooza na kuhamia kwenye mti mpya. Ng'oa kisiki na mizizi minene, au sogea mita kadhaa.

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa 60, mwezi mmoja kabla ya mvua. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Kisha mimina ndoo mbili za maji na urudi kesho yake. Yakiwa bado yamesimama, mti utakaa ndani ya beseni. Mpeasi unavumilia unyevu kuliko tofaa, lakini hauvumilii kuoga kila siku. Hapo panda juu ya tuta la sentimita 30 badala ya kuchimba zaidi.

Nafasi: mita 4 hadi 5 kati ya mti na mti kwa shina la mpeasi, mita 3 kwa mkwinsi. Miti miwili inayochavushana isiachane zaidi ya mita 15 hadi 20.

Hatua ya 5: Kupanda

Kaskazini mwa Tanzania na Kenya ya kati panda mwanzoni mwa masika. Njombe, Makete na Mbeya subiri mvua za Novemba na Desemba.

1. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi hutoa joto na chumvi na kuunguza mizizi michanga. Mbolea ya dukani usitie shimoni.
2. Jaza shimo hadi nusu, kanyaga kidogo, kisha weka kichuguu cha udongo katikati.
3. Ondoa mfuko wote, hata kipande cha chini. Mizizi iliyojizungusha ikate kwa wembe, mikato mitatu ya wima kuzunguka bonge.
4. Weka mche ili uso wa udongo wake ulingane na uso wa ardhi, na kovu libaki angalau sentimita 10 juu. Hapa ndipo wengi hukosea. Kovu likifukiwa, sehemu ya juu itatoa mizizi yake na faida ya shina la chini itapotea, au gamba litaoza shingoni.
5. Jaza, shindilia kwa kisigino, na mwagilia lita 20 hata kama mvua inanyesha. Kazi ya maji hayo ni kuziba mianya ya hewa.
6. Tandaza nyasi kavu unene wa kiganja kwa nusu mita kuzunguka mti, ukiacha sentimita 10 bila kitu karibu na shina. Matandazo yakigusa shina, panya na ukungu hupata makao.
7. Zungushia miiba au wavu. Mbuzi mmoja kwa dakika moja anamaliza kazi ya mwaka.

Kiangazi cha kwanza mpe lita 20 kwa wiki, kwa mkupuo mmoja. Kikombe kila jioni hulea mizizi ya juujuu.

Hatua ya 6: Kukata na kulaza matawi

Hii ndiyo kazi inayotofautisha mpeasi na miti mingi ya nyumbani, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mpeasi ukiachwa huenda juu kama mlingoti, na matawi yake yote yanasimama wima. Tawi lililosimama hutengeneza mbao, lililolala hutengeneza matunda. Ukikosa kuyalaza utangoja miaka minane kwa mti ambao ungezaa wa nne.

Siku ya kupanda, kata mche kwenye sentimita 80 kutoka ardhini, mkato wa mshazari juu kidogo ya jicho. Inauma kukata mche mrefu, lakini usipokata hautatoa matawi chini. Yatatokea machipukizi matatu hadi matano. La juu kabisa liache liwe kiongozi. Kati ya mengine chagua matatu au manne yanayoelekea pande tofauti, yaliyoachana sentimita 10 hadi 15 kwa kwenda juu. Yaliyobaki ondoa yakiwa bado laini.

Machipukizi yakifika urefu wa kiganja, bana kibanio cha nguo kwenye shina juu ya kila moja ili mkia wa kibanio ulisukume chipukizi nje. Ni kazi ya dakika tano, na pembe inayopatikana wakati huo inabaki maisha yote. Yakishakuwa magumu, tumia kamba na kigingi kuyavuta hadi nyuzi 60 hivi kutoka kwenye wima, yaani karibu na kulala lakini ncha bado inaangalia juu. Mahali pa kufungia weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu nailoni tupu hukata gamba. Baada ya miezi miwili au mitatu fungua, tawi litakuwa limeshika umbo. Usilivute likainamia chini: ncha husimama kukua na mgongoni yanaota maotea kama fimbo.

Mwaka wa pili, mti ukiwa umelala, kata kiongozi sentimita 60 juu ya ghorofa ya kwanza ya matawi, utapata ghorofa ya pili. Mwaka wa tatu rudia. Lenga mti wa mita 3 hadi 3.5, unaofikika kwa ngazi fupi. Baada ya hapo toa tu matawi yaliyokufa, yanayosuguana, na maotea ya wima. Ukikata sana, mti unajibu kwa kuotesha fimbo nyingi zaidi.

Jifunze kutofautisha macho kabla ya kushika mkasi. Jicho la jani ni jembamba na limelala kwenye tawi. Jicho la ua ni nene, la mviringo, na hukaa kwenye vijitawi vifupi vyenye makunyanzi, urefu wa kidole au pungufu, juu ya mbao zenye umri wa miaka miwili na kuendelea. Vijitawi hivyo vinaonekana kama vijiti vilivyokauka, na mkulima mgeni huvisafisha vyote ili mti “upendeze”. Hapohapo amejikatia mavuno yake. Kijitawi kimoja huzaa kwa miaka mingi.

Futa mkasi kwa spiriti kila unapohama mti.

Hatua ya 7: Ulaze mti kwa mkono

Ulaya baridi huangusha majani. Kwetu mara nyingi majani hubaki mtini hadi mapya yanapoanza, na mti haupumziki. Wakulima wa matofaa wa Batu, kisiwani Java, walilitatua tatizo kama hili kwa kunyonyoa majani. Mbinu hiyo inafaa mpeasi wa kuanzia mwaka wa tatu.

Acha mbolea yenye naitrojeni miezi mitatu kabla ya baridi. Kuanzia Mei acha pia kumwagilia, isipokuwa udongo umekauka hadi kina cha kiwiko. Mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni ondoa majani yote. Kata kila jani kwa mkasi mdogo na uache kikonyo chake, kitaanguka chenyewe baada ya siku chache. Ukivuta jani kwa nguvu kuelekea chini, unang'oa na jicho lililo kwapani mwake. Julai pogoa. Macho yataanza kuvimba Agosti, na yatavimba karibu kwa pamoja, jambo ambalo ndilo lililotafutwa.

Mashamba makubwa hupulizia kemikali ya kuamsha macho iitwayo haidrojeni sayanamidi. Ni sumu kali, na anayeigusa kisha akanywa pombe hata siku za baadaye huugua vibaya. Kwa miti miwili ya uani haina nafasi, mkasi na mchana mmoja vinatosha.

Hatua ya 8: Maua

Ua la mpeasi ni jeupe, zuri, na halimvutii nyuki. Maji yake yana sukari kidogo, kwa hiyo nyuki akipata ua tamu zaidi jirani anakwenda huko. Tena nyuki haruki ovyo hewa ikiwa chini ya nyuzi 12 hivi, na asubuhi za Agosti mlimani ndivyo zilivyo. Ndiyo maana mti uliojaa maua unaweza kubaki bila tunda. Mzinga karibu unasaidia sana. Dawa ya wadudu isiguse mti wakati huu.

Ukiwa na mti mmoja tu unaochanua, kata tawi lenye maua kutoka kwa aina nyingine, litie kwenye ndoo ya maji na uitundike katikati ya mti wako. Au chukua unyoya laini wa kuku, gusa maua ya aina moja kisha ya nyingine, saa nne hadi saa nane mchana.

Suluhisho la kudumu kwa kiwanja kidogo ni kubebesha tawi la aina ya pili kwenye mti huohuo. Fanya Julai au mwanzoni mwa Agosti, macho yakiwa bado yamelala:

Chukua kijiti cha mwaka huu, unene wa penseli, chenye macho matatu. Tafuta tawi la unene huohuo kwenye mti wako, upande wa jua. Kata vyote viwili kwa mshazari wa sentimita 3, mkato mmoja laini wa kisu kikali, usiochongwachongwa. Kwenye kila uso pasua ulimi mdogo, theluthi moja kutoka nchani, kisha chomeka ulimi ndani ya ulimi. Linganisha utando wa kijani ulio chini ya gamba, angalau upande mmoja. Huo ndio unaoungana, si mbao. Funga kwa utepe wa nailoni kwa kubana, ziba ncha ya kijiti kwa nta ya mshumaa iliyopoa kiasi. Macho yakichipua sentimita 10, kata utepe upande wa nyuma. Kijiti kikisinyaa ndani ya wiki mbili, ama kilikauka kabla ya kuunganishwa ama nyuso hazikugusana.

Tia alama ya rangi kwenye tawi hilo. Mwaka wa tatu mpogoaji atalikata akidhani ni la kawaida.

Hatua ya 9: Punguza matunda

Wiki nne hadi sita baada ya maua, matunda yakiwa sawa na gololi, acha moja kwa kila kishada, mawili kama tawi ni nene, na nafasi ya sentimita 15 kati ya vishada. Kata kikonyo kwa mkasi. Mti usiopunguzwa huzaa vijipeasi vingi mwaka huu na kugoma mwakani, na matawi yake machanga hupasuka kwa uzito. Mti wa mwaka wa tatu usiachiwe zaidi ya matunda kumi hivi.

Chakula cha mti

Mwaka wa kwanza, miezi miwili baada ya kupanda, konzi moja ya CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni (gramu 50 hivi), kwenye duara la sentimita 30 kutoka shinani. Kuanzia mwaka wa pili, debe moja la samadi mwanzo wa mvua, na mawili mti ukishazaa. Zaidi ya hapo usifuate jedwali, soma matawi. Yakikua zaidi ya sentimita 60 kwa msimu, acha naitrojeni kabisa, maana mti umenenepa na hautazaa. Yakikua chini ya 20, ongeza gramu 100 za CAN mvua zikianza.

Kinachoharibika, na sababu yake

*Madoa meusi kwenye majani na tunda, kisha tunda linapasuka.* Ni ukungu wa upele wa peasi. Unaishi kwenye majani yaliyoanguka, kwa hiyo yakusanye na uyachome au uyazike. Pulizia dawa ya shaba mara moja macho yanapovimba, kwa kipimo cha kwenye lebo. Ukipulizia tunda likishatokea, shaba italichubua ngozi.

*Majani yamejikunja, yananata, sisimizi wanapanda na kushuka.* Vidukari. Sisimizi wanawalinda kwa ajili ya utamu wao. Zungushia shina utepe wenye grisi juu ya karatasi, kisha osha vidukari kwa maji ya sabuni.

*Mti mchanga unanyauka ghafla na ukiuvuta unatoka mkononi.* Fuko amekula mizizi. Kwenye eneo lenye fuko, panda ndani ya kikapu cha wavu wa kuku wenye matundu madogo, kina cha sentimita 50, mdomo ukitokeza juu kidogo ya ardhi.

*Mti mkubwa unapukutisha majani upande mmoja na unakufa polepole.* Bandua gamba chini kabisa ya shina. Ukikuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga, ni *Armillaria*. Haina dawa. Ng'oa na mizizi, choma, na usipande mti wa matunda hapo.

*Tunda lina tundu dogo na ndani kuna funza.* Nzi wa matunda. Fungia kila tunda kwenye mfuko wa karatasi likiwa sawa na yai la kwale. Yaliyoanguka yakusanye kila siku mbili, yafungie kwenye mfuko mweusi wa plastiki juani kwa wiki mbili, au yafukie kina cha sentimita 60.

*Ndevu za kijivu kwenye shina.* Haziui mti. Zinakuambia tu kwamba mahali hapo pana ukungu mwingi na hewa haipiti, pogoa katikati.

Hatua ya 10: Kuchuma na kuivisha

Kieffer iliyochanua mwishoni mwa Agosti huwa tayari kati ya Februari na Machi. Peasi lenye damu ya Ulaya huiva kutoka ndani kwenda nje. Ukilisubiri lilainike mtini, moyo umeshaoza na chembechembe za mchanga zimeongezeka. Kwa hiyo huchumwa likiwa gumu, ila limekomaa.

Dalili za kukomaa: kijani kizito kimefifia kuelekea manjano, vitone vya ngozi vimekuwa vya kahawia, na mbegu ukipasua moja ni za kahawia, si nyeupe. Kipimo cha mwisho ni cha mkono. Shika tunda, liinue hadi lilale sawa na ardhi. Kikonyo kikiachia tawi bila kuvutwa, limekomaa. Likigoma, rudi baada ya siku nne. Chuma pamoja na kikonyo na uliweke ndooni, usilitupe. Mchubuko hauonekani siku hiyo, unaonekana wiki ya pili ukiwa mweusi.

Panga matunda kwenye boksi, tabaka mbili tu, kila moja limefungwa gazeti. Boksi likae kwenye chumba chenye nyuzi 15 hadi 18, ambazo ndizo nyuzi za nyumba nyingi za mlimani. Kagua kila siku tatu na uondoe lililoanza kuoza. Kieffer huchukua wiki mbili hadi tatu. Bonyeza shingo ya tunda karibu na kikonyo: ikibonyea kidogo, liko tayari, hata kama tumbo bado ni gumu. Ukiwa na haraka, weka ndizi mbivu mbili ndani ya boksi. Usifunge kwenye plastiki, matunda yatatoa jasho na moyo utageuka kahawia.

Kieffer ikiwekwa kwenye joto la nyuzi 25 na kuendelea hailainiki vizuri, inaoza kabla haijawa tamu. Ndiyo ile iliyouzwa mbichi mlimani ikaachwa jikoni Dar es Salaam. Ukitaka kumpelekea ndugu wa pwani, liivishe kwako kwanza, lisafiri shingo ikianza tu kubonyea, naye alitie kwenye jokofu siku hiyohiyo.

Ya Asia ni kinyume: yaache mtini hadi yawe matamu, kisha yale yakiwa magumu, siku hiyohiyo.

Yaliyochubuka usiyatupe. Menya, kata vipande vinne, toa moyo, chemsha kwa maji kiasi ya kuyafunika na sukari kikombe kimoja kwa kila kilo, karafuu tatu na kijiti cha mdalasini, dakika 30 hadi 40 kwa moto mdogo. Ugumu uleule uliomchukiza mnunuzi ndio unaofanya vipande vya Kieffer visivunjike kwenye sufuria.